Ilizarov, Fundi wa Mifupa wa Siberia

Safari hii nawaletea habari za daktari ambaye sisi wa uhandisi tunapenda kumhesabu kuwa mwenzetu: Gavriil Ilizarov.

Alizaliwa mwaka 1921 huko Poland, akakulia Azerbaijan katika familia maskini. Alihitimu udaktari 1944, akapelekwa kijiji cha Dolgovka, mkoa wa Kurgan, Siberia. Vita vilikuwa vimeacha majeruhi wengi, watu wanakaa miezi na plasta ngumu na mfupa hauungi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 jamaa akabuni chombo chake. Ni pete za chuma zinazozunguka mguu, na waya nyembamba zinazopita ndani ya mfupa, zimekazwa kama spoki za baiskeli zinavyokazwa kwenye rimu. Pete zinaunganishwa kwa vyuma vyenye nati. Nia ilikuwa kubana mfupa uliovunjika. Baadaye akagundua kumbe hata kuuvuta inawezekana: ukikata mfupa na kuutenganisha milimita 1 kwa siku, kwa awamu 4, mfupa mpya unaota katikati. Ukiharakisha, hauoti vizuri na neva zinaumia. Ukichelewa, unaungana kabla ya wakati. Haba na haba kweli kweli! Sentimita 5 ni siku 50 za kuvuta, halafu miezi ya kusubiri ukomae.

Basi watoto waliozaliwa na mguu mfupi au uliopinda wakapata njia. Hata aliyeondolewa uvimbe wa mfupa, pengo linaweza kujazwa kwa kusogeza kipande cha mfupa polepole, badala ya kukatwa mguu.

Wakubwa wa Moscow walimdharau miaka mingi. Mwaka 1968 akamtibu Valeriy Brumel, bingwa wa Olimpiki 1964 wa kuruka juu, aliyevunjika mguu kwa pikipiki 1965 na kupasuliwa mara nyingi bila kupona. Brumel akaruka tena. Mwaka 1980 akamponya Mwitaliano Carlo Mauri, na 1981 akaalikwa Italia kufundisha. Alifariki Kurgan mwaka 1992.

Tusidanganyane, tiba hii inauma, ni ndefu, na matundu ya waya yanataka kusafishwa kila mara yasiingie usaha. Lakini mtoto anabaki na mguu wake. Kwa hiyo wewe unayesoma mambo ya chuma na nati, usidhani hospitali ni ya madaktari peke yao.