Wangila na Muhammad Ali: Mabingwa wawili, mazishi mawili

WIKI mbili zilizopita nilikwama kisiwani Rukuba. Upepo ulianza kuvuma tangu alfajiri, manahodha wa mitumbwi ya kuja Musoma wakakataa kuondoka, nasi abiria tukabaki mwaloni chini ya mti tukisubiri ziwa litulie. Vijana wa dagaa hawakuwa na kazi siku hiyo. Wakaanza ubishi wa ndondi, na ubishi wa vijana wa mwaloni hauna mwamuzi. Swali lilikuwa ni nani bondia mkubwa kuliko wote aliyepata kuwa Muislamu. Nusu yao walikuwa upande wa Muhammad Ali, nusu upande wa Mike Tyson ambaye wamemwona kwenye simu akiangusha watu kwa sekunde chache. Mwisho wakanigeukia mimi ustadhi wao niamue.

Nikawauliza kama kuna anayemjua Robert Wangila. Hakuna aliyemjua. Bingwa wa Olimpiki, jirani yetu kabisa, Muislamu, na katika vijana kumi na kitu hakuna hata mmoja aliyelisikia jina lake. Mimi mwenyewe ningekuwa kama wao lau si baba yangu mkubwa aliyekuwa fundi cherehani Nairobi miaka hiyo, ambaye kila tulipomtembelea alikuwa lazima atusimulie habari ya Wangila, hasa habari ya maziko yake.

Kabla sijaendelea niondoe shaka moja. Najua wapo watakaouliza mwalimu wa dini anatafuta nini kwenye ngumi. Mtume (s.a.w.) amekataza kupiga uso, na mwaka 1987 wanazuoni wa Baraza la Fiqhi la Rabita, Makka, waliamua kuwa ndondi kwa namna inavyochezwa leo haifai katika Uislamu, kwa kuwa mchezo wenyewe unaruhusu kumdhuru mwenzako hata kumuua. Sina la kuongeza hapo. Simwiti kijana yeyote ulingoni, na haya nitakayosimulia yanatosha kumtoa mtu hamu.

Robert Napunyi Wangila alikuwa Mkenya, bondia wa uzito wa welta, kilo 67. Katika miaka ya 1980 timu ya ngumi ya Kenya ilikuwa ikiogopwa Afrika nzima, na kabla yake walikuwa wamepita watu kama Philip Waruinge aliyeleta fedha kutoka Munich mwaka 1972. Lakini dhahabu ilikuwa haijapatikana. Wangila alikwenda Seoul mwaka 1988 bila kelele. Kwenye nusu fainali alipita bila kupigana kwa kuwa mpinzani wake, Jan Dydak wa Poland, hakuweza kupanda ulingoni. Kwenye fainali akakutana na Mfaransa Laurent Boudouani, akamwangusha katika raundi ya pili. Hadi leo ninapoandika, Kenya haijapata dhahabu nyingine ya ngumi katika Olimpiki. Dhahabu zake nyingine zote ni za riadha.

Hapa ndipo alipofanana na Muhammad Ali. Ali naye, wakati huo akiitwa Cassius Clay, alitoka na dhahabu ya Olimpiki kule Roma mwaka 1960 akiwa na miaka 18. Naye akaingia ngumi za kulipwa. Naye akasilimu. Ukiishia hapo unaweza kudhani ni njia moja imepitwa na watu wawili, mmoja mtoto wa Louisville, Kentucky, na mwingine mtoto wa Afrika Mashariki.

Lakini ngumi za kulipwa hazikumkunjulia Wangila. Alihamia Marekani, akapigana mapambano 27, akashinda 22. Si rekodi ya kuchekwa, ila hakuwahi kuuvaa mkanda wa dunia, ilhali Boudouani aliyemwangusha Seoul alikuja kuwa bingwa wa dunia baadaye. Julai 22, 1994, huko Las Vegas, Wangila alipambana na David Gonzales. Katika raundi ya tisa mwamuzi akalisimamisha pambano. Wangila hakukubali, alilalamika akiona bado ana nguvu za kuendelea. Haukupita muda mrefu akapoteza fahamu, na Julai 24 akafariki dunia. Alikuwa hajatimiza miaka 30. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Kabla ya kufa Wangila alikuwa amesilimu. Mwili uliporejeshwa Kenya ukazuka mgogoro. Waislamu walisema huyu ni ndugu yetu, aoshwe, avishwe sanda, aswaliwe na azikwe kwa taratibu za dini yake. Upande wa familia yake, ambao ni Wakristo, walitaka kumzika mtoto wao kwa namna waliyoijua wao. Shauri likafika mahakamani. Kenya ilikuwa bado haijasahau kesi ya wakili S. M. Otieno, ambaye maiti yake ilikaa kuanzia Desemba 1986 mpaka Mei 1987 huku mjane na ukoo wakigombea pa kumzika, kwa hiyo kila mtu alijua mambo haya yanaweza kufika wapi. Mwishowe Wangila alizikwa Nairobi kama Muislamu.

Baba mkubwa alipokuwa akifika hapo katika masimulizi yake, alikuwa anafurahi kama mtu anayesimulia ushindi. Nilipokuwa mdogo nilifurahi naye. Sasa nimekuwa mtu mzima na nimeozesha na kuzika, furaha hiyo sinayo tena. Ninamfikiria mama aliyempeleka mwanawe Marekani akamrudia ndani ya sanduku, kisha akaambiwa jambo kubwa kuhusu mwanawe na watu asiowajua.

Tumtazame sasa Ali. Februari 25, 1964 alimpiga Sonny Liston kule Miami Beach akawa bingwa wa dunia wa uzito wa juu, na siku iliyofuata akawathibitishia waandishi wa habari kuwa ameshaacha dini ya wazazi wake. Alikuwa na miaka 22. Wiki chache baadaye akaitwa Muhammad Ali. Ni kweli kundi aliloingia kwanza, la Elijah Muhammad, lilikuwa na itikadi ambazo hakuna mwanafunzi wa madrasa asiyeziona makosa yake. Ali alikwenda Hija mwaka 1972, na baada ya Elijah Muhammad kufa mwaka 1975 aliwafuata waliorudi kwenye Uislamu wa Sunna chini ya Warith Deen Mohammed. Lakini kuanzia ile siku ya Miami hakuna mtu duniani aliyekuwa na haja ya kuuliza Ali anajihesabu ni mtu wa dini gani.

Jina lenyewe lilifanya kazi hiyo. Februari 1967 Ernie Terrell aling'ang'ania kumwita Clay, na akalipia ulingoni kwa raundi 15. Aprili mwaka huo huo Ali alikataa kuandikishwa jeshini kwenda Vietnam kwa sababu ya dini yake, akavuliwa ubingwa na kuhukumiwa miaka mitano jela, hukumu ambayo Mahakama Kuu ya Marekani iliifuta Juni 1971. Zaidi ya miaka mitatu ya ujana wake hakupigana. Oktoba 30, 1974 alimwangusha George Foreman kule Kinshasa katika raundi ya nane, akaurudisha ubingwa kwenye ardhi ya Afrika, na mpaka leo wazee wa Kongo hawajaacha kuisimulia.

Huku kwetu Mara tuna habari nyingine ya Ali ambayo husimuliwa kidogo. Februari 1980 alikuja Dar es Salaam akitumwa na Rais Jimmy Carter kuzishawishi nchi za Afrika zisiende Olimpiki ya Moscow, kwa sababu Urusi ilikuwa imeivamia Afghanistan. Mwalimu Nyerere, mtoto wa Butiama, hakukubali kuonana naye. Waandishi wa habari nao walimbana Ali wakimuuliza mbona Marekani haikuiunga mkono Afrika ilipogomea Olimpiki ya Montreal mwaka 1976 kwa ajili ya Afrika Kusini. Ali alikuwa mkweli kiasi cha kuonyesha waziwazi kuwa hakuelezwa mambo hayo alipotumwa. Kenya ilisusa. Tanzania ilikwenda Moscow, na Suleiman Nyambui, mzaliwa wa Majita hapa hapa kando ya ziwa letu, akaleta medali ya fedha ya mita 5,000, huku Filbert Bayi akileta nyingine ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Vijana wa Rukuba waliposikia hayo walicheka sana, kwamba bingwa wa dunia alishindwa hapa nchini bila kupigwa ngumi.

Basi ukipima kwa ngumi, hakuna mashindano kati ya Ali na Wangila. Mmoja alikuwa bingwa wa uzito wa juu mara tatu, mwingine hakuupata mkanda hata mara moja. Wote wawili ngumi ziliwadai. Wangila alilipa kwa siku mbili, Ali alilipa kwa zaidi ya miaka 30 akitetemeka kwa ugonjwa wa Parkinson uliogundulika mwaka 1984. Na mimi nasema dhahabu ya Seoul ina uzito ule ule wa dhahabu ya Roma.

Walipotofautiana ni siku ya mwisho. Ali alifariki Juni 3, 2016 huko Arizona. Miaka mingi kabla alikuwa amekaa na watu wake akapanga maziko yake na yakaandikwa: wapi aswaliwe, nani wahudhurie, wapi apitishwe mwili wake. Juni 9 akaswaliwa Louisville, Imam Zaid Shakir akiongoza, kesho yake akazikwa mjini humo humo alikozaliwa. Mji wenyewe ni wa Wakristo. Hakuna aliyekwenda mahakamani.

Wapo watakaosema namwonea Wangila. Kijana wa umri ule nani angemfikiria kifo? Kweli, na mimi simlaumu yeye. Nawauliza waliomsilimisha, maana na mimi ni mmoja wa wanaosilimisha watu, na nina deni langu.

Miaka minne iliyopita, hapo hapo Rukuba, alisilimu kwangu mvuvi mmoja. Nilimfundisha udhu, Al-Fatiha, sura fupi na swala tano. Alikuwa mwepesi wa kuhifadhi. Hakubadili jina, nami sikumlazimisha, kwa sababu sheria haimlazimishi mtu kuacha jina lisilo na maana mbaya. Hakuna siku hata moja niliyomuuliza kama nyumbani kwao wanajua. Mwaka wa pili akaugua, akavushwa kupelekwa hospitali, akafa. Jamaa zake wakaja kuchukua maiti. Nilipofika kusema kuwa marehemu ni Muislamu, mama yake aliniuliza kwa upole tu kama nina chochote kinachoonyesha hivyo. Sikuwa nacho. Kitambulisho kilikuwa na jina la ubatizo. Wavuvi walioshuhudia shahada yake walikuwa wamehamia mialo mingine, simu zao hazipatikani. Mama akasema mwanawe hakumficha jambo, na jambo hili hakumwambia. Wakamchukua, wakamzika kwao kwa nyimbo zao. Sikuwa na mahakama ya kwenda wala hoja ya kupeleka.

Wala siwezi kusema sikujua. Mtume (s.a.w.) ameelekeza kuwa Muislamu mwenye cha kuusia asilale nyusiku mbili bila wasia wake kuwa umeandikwa. Nimeifundisha hadithi hiyo darasani kila mwaka. Nimeifundisha kama somo la mirathi, mambo ya mashamba na nyumba, na mvuvi hana nyumba. Vilevile nimefundisha kisa cha bibi Asma bint Abubakar, aliyeruhusiwa na Mtume (s.a.w.) kumuunga mama yake ambaye hakuwa Muislamu. Sikumwambia yule mvuvi aende kwa mama yake.

Tangu hapo, anayesilimu kwangu namwandikisha karatasi. Jina lake, tarehe, namna anavyotaka kuzikwa, na mashahidi. Nakala moja inakaa kwake, moja kwangu, na mwenye uwezo namwelekeza RITA ambao wanatunza wasia kisheria. Mashahidi wawili ni Waislamu, na wa tatu naomba awe mtu wa ukoo wake hata kama si Muislamu. Najua fiqhi ina maneno kuhusu ushahidi wa namna hiyo. Wawili wa Kiislamu wapo, huyu wa tatu ni wa kuzuia fitina. Kuna ndugu zangu katika dini wanaoniambia nawatia watu hofu mapema, kwamba mtu ameingia jana unamzungumzia sanda leo. Sijaona hoja yao ikisimama mbele ya mlango wa chumba cha maiti.

Upepo ulipungua kidogo baada ya Adhuhuri. Tulipokuwa tukipakia mizigo, kijana mmoja ambaye hakusema neno katika ubishi wote ule alinifuata mpaka majini. Alisilimu mwaka jana. Aliuliza kama ile karatasi inaweza kuandikwa kwenye daftari la kawaida, na kama mama yake anaweza kuwa shahidi wa tatu ingawa hajui kusoma. Nikamjibu dole gumba linatosha, ila kwanza mama asomewe kilichoandikwa na akielewe. Akanyamaza kidogo, kisha akasema mama bado hajaambiwa kitu. Anaishi Ukerewe. Tumekubaliana twende pamoja wiki hii, ziwa likituruhusu.