Louis Leakey

Louis Seymour Bazett Leakey (7 Agosti 1903 – 1 Oktoba 1972) alikuwa mwanaakiolojia na mwanaanthropolojia wa Kenya mwenye asili ya Uingereza. Anajulikana hasa kwa utafiti wake juu ya chanzo cha binadamu katika Bonde la Olduvai, Tanzania. Kazi ya kuchimba mabaki ya kale aliianza mkoani Lindi, alipokuwa akipona jeraha la kichwa.

Maisha ya awali

Alizaliwa Kabete, karibu na Nairobi, ambako wazazi wake walikuwa wamisionari Waanglikana. Alikua pamoja na watoto wa Wakikuyu na kusema lugha yao kama mwenyeji. Mwaka 1922 alijiunga na Chuo Kikuu cha Cambridge.

Jeraha la kichwa

Mwaka 1923 alipigwa kichwani mara mbili katika mechi moja ya raga. Baadaye alipatwa na maumivu makali ya kichwa na matatizo ya kumbukumbu. Daktari alimshauri aache masomo kwa mwaka mmoja na kuishi maisha ya nje.

Baada ya pigo la namna hiyo ubongo huhitaji kupumzika. Seli za neva zilizokufa kwa kawaida hazioti upya, lakini zilizobaki huweza kujenga miunganisho mipya na kuchukua sehemu ya kazi iliyopotea. Hata hivyo kovu kwenye ubongo linaweza kusababisha kifafa, na ugonjwa huo ulimpata Leakey pia.

Tendaguru

Wakati huo makumbusho ya historia ya asili ya London yaliandaa msafara kwenda Tendaguru, kilima kilichopo kaskazini-mashariki ya mji wa Ruangwa. Wajerumani walikuwa wamechimba huko mifupa ya dinosauri miaka 1909–1913. Leakey aliajiriwa kwa sababu alijua Kiswahili na maisha ya Afrika. Mwaka 1924 alisaidia kuandaa kambi, na kutoka kwa kiongozi wake, William Cutler, alijifunza kuchimba na kuhifadhi visukuku. Cutler alifariki Lindi mwaka 1925 kwa malaria.

Leakey alirudi Cambridge na kuhitimu mwaka 1926 kwa daraja la kwanza.

Kazi ya baadaye

Mwaka 1959 mke wake Mary aligundua fuvu la Zinjanthropus huko Olduvai. Mwaka 1964 Leakey na wenzake walitangaza spishi ya Homo habilis. Ukubwa wa ubongo ulikuwa mojawapo ya hoja zao. Alifariki London akazikwa Limuru, Kenya.