Bibi Katharine Cook na Heshima ya Wauguzi

Askari anayelinda mpaka wa Mpondwe akishikwa na homa, huenda akapelekwa hospitali ya Bwera. Kabla hajapewa dawa atakuwa amekwisha kumpima muuguzi kwa macho: usafi wa nguo zake, mwendo wake, na jinsi anavyowaamkia wagonjwa. Raia nao humpima askari vivyo hivyo. Sura hiyo ya muuguzi, ambayo wagonjwa wa Bwera na Kasese huitarajia, ilianza kujengwa mbali nao, huko Mengo, na mwanamke ambaye leo twapenda kuwasimulia habari zake.

Katharine Timpson alikuwa muuguzi aliyefunzwa katika hospitali ya Guy's, London. Mwaka 1896 alifunga safari pamoja na wamisionari wenzake, wakaenda kwa miguu sehemu kubwa ya njia itokayo Mombasa, wakafika Mengo mwezi wa Februari 1897. Miongoni mwao alikuwamo Daktari Albert Cook, aliyemwoa mwaka 1900. Hospitali ya Mengo ilifunguliwa mwaka ule ule wa 1897. Haikutimiza mwaka, askari wa Kisudani wakaasi, na daktari akaenda Busoga kuwatibu majeruhi wa vita vya Lubwa. Mwaka 1902 radi iliiteketeza hospitali, ikajengwa upya.

Bibi Cook ndiye aliyekuwa matroni. Wenyeji walikuwa na waganga wao, wala hawakuwa na sababu ya kumwamini mwanamke mgeni. Sisi twaona kwamba imani yao haikuletwa na sare, bali na vidonda vilivyooshwa kila siku bila kinyaa.

Kazi iliyomtukuza zaidi ni ya wakunga. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza alianza kuwafundisha wasichana wa Uganda, katika shule iliyopewa jina la Lady Coryndon, mke wa Gavana. Yeye na mumewe walitunga kitabu cha ukunga kwa Kiganda. Waliohitimu walitumwa katika vituo vidogo vya uzazi vijijini, mbali na matroni wao, mfano wa askari aliyeachwa peke yake lindoni. Msichana ambaye hajazaa alitakiwa aaminiwe na akina mama wazima! Kwa hiyo Bibi Cook alidai tabia njema sawasawa na ujuzi. Ukali wake ulikuwa mwingi, na dini aliichanganya na kazi kupita kiasi, lakini alifahamu kwamba aibu ya mkunga mmoja ingefunga milango ya wote.

Mwezi wa Juni 1919 au Juni 2019, mgonjwa ni yule yule. Wagonjwa wa Ebola walipotengwa Bwera mwaka huo wa 2019, wauguzi walivaa mavazi ya kinga yaliyowafunika hata nyuso. Sare haikuonekana, mgonjwa alibakiwa na sauti na mikono tu.

Bibi Cook alifariki mwaka 1938. Mengo ingali inafundisha wauguzi na wakunga.