John Scott Haldane, daktari aliyejitia sumu ili kuokoa wachimba migodi

Tarehe 27 Januari 1896, mlipuko ulitokea katika mgodi wa makaa ya mawe wa Tylorstown, kusini mwa Wales, na kuua wafanyakazi 57. Wengi walidhani wameuawa na moto. Daktari John Scott Haldane alishuka mgodini, akachunguza maiti, na kuona ngozi zao zina rangi nyekundu isiyo ya kawaida. Wengi hawakuungua hadi kufa. Waliuawa na kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, iliyobaki mgodini baada ya mlipuko.

Haldane alizaliwa Edinburgh, Scotland, mwaka 1860, na huko ndiko aliposomea udaktari. Gesi hiyo aliifahamu kwa mwili wake mwenyewe. Alikuwa amejifungia katika maabara na kuivuta kidogo kidogo, huku akipima damu yake na kuandika kila dalili, hadi miguu ikashindwa kumbeba.

Kutokana na kazi hiyo, alishauri wachimbaji washuke na panya wadogo au ndege waitwao kanari. Mnyama mdogo hupumua haraka, hivyo sumu humwangusha mapema, na mtu hupata muda wa kukimbia. Kanari walitumika katika migodi ya Uingereza hadi mwaka 1986, serikali ilipotangaza kuwa nafasi yao itachukuliwa na vifaa vya elektroniki.

Mwaka 1915, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, jeshi la Ujerumani lilipotumia gesi ya klorini huko Ypres, Ubelgiji, Haldane alitumwa kuitambua gesi hiyo na kusaidia kutafuta kinga. Alifariki Oxford mwaka 1936.

Leo mfanyakazi hubeba kifaa kidogo kinacholia gesi ikizidi kiwango. Lakini ndege akianguka, kila mtu alimwona. Kifaa kilichoharibika hukaa kimya, na kimya hicho hufanana na usalama. Ndiyo maana, kabla ya kushuka, kifaa hupuliziwa gesi kidogo kuona kama kitalia. Na kila baada ya muda, vipimo vyake hulinganishwa na gesi ambayo kiwango chake kinajulikana, kisha hurekebishwa. Haldane alijipima yeye kwanza, kabla ya kuwaambia wengine waamini nini.