SHEIKH AL-AMIN BIN ALI MAZRUI: MWANACHUONI ALIYEULIZA KWA NINI TUMERUDI NYUMA

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Tukivuka kwenda Kilwa Kisiwani tunauona Msikiti Mkuu na magofu ya Husuni Kubwa, tukajisifu kwamba wazee wetu walikuwa watu wakubwa. Ni kweli. Ibn Battuta alifika hapa mwaka 1331 na akausifu mji huu. Lakini sifa za wazee zinatufaa nini ikiwa sisi wenyewe hatusomi? Swali la namna hii lilimshughulisha sana Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Alizaliwa Mombasa mwaka 1891. Ukoo wake uliutawala mji huo mpaka mwaka 1837, uliponyang'anywa madaraka na Seyyid Said. Baba yake, naye mwanachuoni, alifariki mwaka 1894, Al-Amin akiwa bado mtoto mdogo. Yatima huyo alisomeshwa na jamaa yake, Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui, kisha akachukua elimu Unguja kwa Sayyid Ahmad bin Sumait na Sheikh Abdallah Bakathir. Alisoma pia jarida la Al-Manar, lililotolewa Misri na Rashid Rida.

Angeweza kuishi kwa kujivunia ukoo. Historia ya Mazrui aliiandika, kwa Kiarabu, lakini watu wa kawaida aliwaandikia mambo mengine. Mwaka 1930 alianza kutoa Sahifa, kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu ambazo watu walijifunza chuoni. Mwaka 1932 alianzisha gazeti la Al-Islah, kwa Kiarabu na Kiswahili. Baadhi ya makala zake zilikusanywa katika kitabu kiitwacho Uwongozi.

Fikra yake kubwa ni hii: umma hauanguki kwa nguvu za adui peke yake. Wakati ule Mwingereza ndiye aliyetawala, na ilikuwa rahisi kumlaumu yeye kwa kila kitu. Sheikh aliwataka Waislamu wajitazame wao kwanza. Aliwakemea kwa kuacha elimu, kwa kufarakana, na kwa kumaliza mali katika fahari za harusi na matanga. Alitaka vijana wapate elimu ya kisasa bila ya kuiacha dini wala lugha ya Kiarabu. Aliona ni hasara kuiga mavazi na starehe za Wazungu, huku ujuzi wao tukiuacha. Alihimiza pia wasichana wasomeshwe.

Si masheikh wote waliokubaliana naye, hasa alipozipinga baadhi ya mila zilizozoeleka. Hitilafu za wanavyuoni zipo, na sisi wanafunzi adabu yetu ni kuwaheshimu wote.

Mwaka 1932 aliteuliwa Kadhi wa Mombasa, na mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, cheo alichokuwa nacho hadi alipofariki mwaka 1947. Mwanawe, Profesa Ali Mazrui (1933–2014), alikuja kuwa mtaalamu wa siasa anayejulikana duniani.

Ndugu zangu, tuyapime maneno ya Sheikh hapa kwetu. Mara ngapi tunachangishana kwa ajili ya ngoma na pilau ya mtaa mzima, na mtoto wa nyumba hiyohiyo hana daftari? Mara ngapi binti mwenye akili anaachishwa masomo, nasi tukanyamaza? Hayo hatukufanyiwa na Mreno wala Mwingereza. Ni yetu, na kwa kuwa ni yetu, tunaweza kuyabadilisha. Suratu Raad, aya ya 11, inatufundisha kwamba mabadiliko ya watu huanzia katika nafsi zao.

Basi mwanafunzi, ukiyaona tena magofu ya Kisiwani, usijisifu tu. Jiulize wewe utawaachia nini watakaokuja baada yako.

Allah amrehemu Sheikh Al-Amin, na atupe elimu yenye manufaa. Amin.

Wabillahi tawfiq.