MSHIKA MBILI ALIYEZISHIKA ZOTE: MAISHA YA PAUL ROBESON (1898–1976)

Ndugu Mhariri ameniomba niandike juu ya maisha ya mtu mashuhuri wa zamani ambaye wanamichezo wetu wanaweza kujifunza kwake. Nimemchagua Paul Robeson, Mmarekani Mweusi. Wazee waliokuwa na santuri wanamkumbuka kwa sauti yake nzito ya kuimba. Wachache wanajua kwamba kabla ya kuwa mwimbaji alikuwa mchezaji hodari wa chuo kikuu, tena si wa mchezo mmoja. Alicheza mpira wa miguu wa Kimarekani na mpira wa kikapu, na michezo mingine juu yake.

Nimemchagua kwa sababu moja. Hapa Isikizya, kama ilivyo Tabora mjini na kwingineko, hakosekani kijana anayecheza vizuri kandanda na mpira wa kikapu, naye huambiwa achague mmoja. Akiendelea na yote miwili huonywa kwamba atafeli masomo, na hapo hukumbushwa methali ya wazee kuwa mshika mbili moja humponyoka. Mimi mwenyewe nilicheza michezo hiyo miwili nikiwa shuleni, na methali hiyo niliisikia mara nyingi kuliko kengele ya chakula. Sipingani na wazee. Lakini maisha ya Robeson yanatufundisha kuuliza swali moja zaidi: huyo mshika mbili alizishika namna gani?

MTOTO WA MTUMWA ALIYETOROKA

Paul Leroy Robeson alizaliwa tarehe 9 Aprili, 1898, katika mji wa Princeton, jimbo la New Jersey. Baba yake, William Drew Robeson, alizaliwa mtumwa huko North Carolina. Mwaka 1860, akiwa kijana wa miaka kama 15, alitoroka kutoka shamba la bwana wake akakimbilia majimbo ya kaskazini. Sisi tunaoishi kando ya njia ya zamani ya misafara tunaweza kuielewa habari hiyo bila maelezo marefu. Katika miaka hiyo hiyo pembe za ndovu na binadamu waliotekwa walikuwa wakipitishwa Tabora kutoka upande wa Ujiji kwenda Bagamoyo.

Mtoro yule alijisomesha hadi akahitimu katika chuo cha Lincoln, Pennsylvania, akawa mchungaji wa kanisa. Mkewe, aliyekuwa mwalimu, alifariki mwaka 1904 kwa ajali ya moto nyumbani. Paul alikuwa na miaka mitano tu. Mzee akabaki kumlea, na malezi yake hayakuwa ya mchezo. Mtoto akirudi na alama 95, baba alitaka kujua kwa nini hazikuwa 100. Hakuwa akimshindanisha na watoto wa jirani. Alimtaka ashindane na uwezo wake mwenyewe.

MICHEZO MINNE, MAJIRA MATATU

Mwaka 1915 Paul alishinda mtihani wa ushindani akapata nafasi ya kusomeshwa bure kwa miaka minne katika chuo cha Rutgers, mjini New Brunswick. Kabla yake chuo hicho kilikuwa kimepokea wanafunzi Weusi wawili tu tangu kianzishwe mwaka 1766, na wakati anaingia alikuwa peke yake.

Hapa sina budi kueleza kidogo, maana mpira wa miguu wa Wamarekani si kabumbu letu. Mpira wenyewe umechongoka pande mbili kama yai. Hubebwa na kurushwa kwa mikono, na mchezaji huruhusiwa kumkamata mpinzani na kumwangusha chini. Timu ina wachezaji 11 kama yetu. Enzi zile watu wale wale walishambulia na kulinda, na kofia zao za kujikinga zilikuwa za ngozi. Robeson alicheza mwisho wa mstari wa mbele, mahali panapohitaji mtu mwenye nguvu za kuzuia na mbio za kuufuata mpira.

Mpira wa kikapu ulikuwa bado mchezo mchanga. Uliasisiwa mwaka 1891 na James Naismith, mwalimu wa michezo huko Springfield, Massachusetts, aliyetundika vikapu vya matunda ukutani ili vijana wapate mchezo wa kucheza ndani ya jumba wakati wa baridi kali. Siku hizo, kila baada ya kufunga, mpira ulirudishwa katikati na kurushwa juu ili wachezaji wawili waruke kuugombea. Robeson, mwenye urefu wa kama sentimeta 190, ndiye aliyesimama katikati kwa upande wa Rutgers. Mbali na michezo hiyo miwili alicheza besiboli, na katika riadha alirusha kisahani, tufe na mkuki. Alipoondoka chuoni alikuwa amepewa zaidi ya mara kumi ile herufi ya heshima ambayo vyuo vya Marekani huwapa wanamichezo wao bora.

Siri ya jambo hili ni kalenda. Katika vyuo vyao mpira wa miguu huchezwa kuanzia Septemba hadi mwisho wa Novemba. Mpira wa kikapu hufuata katika miezi ya baridi. Besiboli na riadha huja baridi ikiisha. Kwa hiyo Robeson hakuvishika vitu vinne kwa mkono mmoja na kwa saa moja. Alishika kimoja, akakiweka chini majira yake yalipokwisha, akachukua kingine. Nguvu ya miguu na pumzi aliyoipata katika mchezo mmoja ilimsaidia katika ule uliofuata.

PUA ILIYOVUNJIKA

Msidhani alipokelewa kwa shangwe. Siku ya kwanza ya majaribio ya timu ya mpira wa miguu, vijana wa chuo chake mwenyewe walimwangukia kwa makusudi. Walimvunja pua na kumuumiza bega, akalala kitandani siku kadhaa. Alifikiria kuacha. Kilichomzuia ni maneno ya nyumbani: baba yake alikuwa amemweleza kwamba pale uwanjani hakusimama kwa ajili yake peke yake, bali kwa ajili ya vijana wote Weusi waliotamani kucheza mpira na kusoma chuo. Alipopona alirudi. Safari hii mchezaji mmoja alimkanyaga mkono kwa kiatu chenye meno hadi kucha zikang'oka. Kwa hasira Robeson aliwaangusha waliomjia, akamnyanyua mmoja wao juu ya kichwa chake tayari kumbwaga. Kocha, George Foster Sanford, akapiga kelele kumtangazia kwamba amekwisha kuingia katika timu.

Mwaka 1916 chuo kilipoadhimisha miaka 150, timu ya Washington and Lee kutoka Virginia ilikataa kucheza na mtu Mweusi. Rutgers walikubali, na Robeson akawekwa nje. Mchezo ukaisha kwa sare ya 13 kwa 13. Baadaye timu ya West Virginia ilipotaka afanyiwe vivyo hivyo, Sanford alikataa, na Robeson akacheza. Nawaomba walimu wa michezo waitafakari tofauti ya siku hizo mbili. Mwalimu ni yule yule na mchezaji ni yule yule. Kilichobadilika ni msimamo wa mwalimu tu.

Mwaka 1917, na tena mwaka 1918, Robeson alitajwa katika kikosi cha wachezaji bora wa vyuo vya Marekani nzima.

Na darasani? Kila mwaka alishinda mashindano ya kuhutubia. Katika mwaka wa tatu alichaguliwa kuingia Phi Beta Kappa, chama cha wanafunzi waliotia fora katika masomo. Mwezi Mei, 1918, baba yake alifariki, na siku chache baadaye alisimama katika shindano la hotuba kama alivyokuwa amemwahidi mzee, akashinda. Mwaka 1919 ndiye aliyehutubia kwenye mahafali kwa niaba ya wenzake.

BAADA YA CHUO

Aliendelea na masomo ya sheria katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Ada aliitafuta kwa miguu na mikono yake: mwaka 1921 alichezea timu ya kulipwa ya Akron, na mwaka 1922 timu ya Milwaukee, huku siku za juma akiwa darasani. Alihitimu mwaka 1923. Alipoajiriwa katika ofisi ya mawakili, karani mmoja Mzungu alikataa kuandika barua alizomsomea kwa sababu ya rangi yake. Robeson akaiacha kazi hiyo, akageukia jukwaa.

Huko jina lake lilivuma duniani. Mwaka 1930 aliigiza Othello, tamthilia ya Shakespeare, mjini London, na kuanzia mwaka 1943 aliigiza tena New York kwa maonyesho 296. Aliimba nyimbo za mababu zake waliokuwa watumwa na nyimbo za wafanyakazi wa mataifa mengi, kwa lugha zao wenyewe.

Jambo linalotugusa sisi ni kwamba katika miaka ya 1933 na 1934, akiwa London tayari na umaarufu wake, alirudi darasani kujifunza lugha za Afrika, Kiswahili kikiwamo. Alitaka kuwajua watu ambao damu yao ilikuwa yake. Katika filamu ya Sanders of the River, iliyotoka mwaka 1935, mmoja wa Waafrika waliopewa nafasi ndogo alikuwa Jomo Kenyatta, aliyekuwa akiishi Uingereza wakati huo. Robeson alichukizwa sana alipoona filamu imemalizwa kwa namna ya kuusifu ukoloni. Mkewe, Eslanda, alifika Uganda na Kenya mwaka 1936 pamoja na mtoto wao. Robeson mwenyewe hakujaliwa kufika Afrika Mashariki, lakini tangu mwaka 1937 alishiriki kuongoza chombo kilichotetea uhuru wa Waafrika kutoka huko Marekani.

KIKOSI CHA WATU KUMI

Msimamo wake ulimgharimu. Alipinga ubaguzi kwao na ukoloni kwetu, tena aliisifu Urusi ya Kisovieti waziwazi. Hata marafiki zake walimlaumu kwa kunyamazia maovu ya utawala wa Stalin, na lawama hiyo ina uzito wake. Lakini adhabu aliyopewa haikuwa ya hoja kwa hoja. Mwaka 1950 serikali ya Marekani ilimnyang'anya pasipoti. Kumbi zilifungwa mbele yake, na pato lake lililokuwa limepita dola 100,000 kwa mwaka likashuka hadi elfu chache. Mwaka 1952 aliimba akiwa juu ya lori mpakani, na maelfu ya watu wakamsikiliza kutoka upande wa Kanada. Mwaka 1957 aliwaimbia wachimba migodi wa Wales kwa njia ya simu kutoka New York. Pasipoti alirudishiwa mwaka 1958.

Hata uwanjani walimfuata. Katika miaka hiyo kulichapishwa kitabu cha kumbukumbu za mpira wa vyuo, na katika kikosi bora cha mwaka 1918 yakawekwa majina kumi. Timu ya watu 11 ilibakizwa na watu kumi ili jina la Robeson lisionekane. Kila aliyejua kuhesabu aliona pengo, na pengo lile lilimtaja kuliko wino.

Alifariki tarehe 23 Januari, 1976, mjini Philadelphia, akiwa na miaka 77. Mwaka 1995 aliingizwa katika jumba la heshima la wachezaji wa mpira wa vyuo. Mwaka 2019, miaka mia moja baada ya kuhitimu kwake, Rutgers ilifungua uwanja wa kumbukumbu wenye jina lake.

LA KUJIFUNZA

Narudi kwenye methali yetu. Wazee hawakukosea, maana anayezishika mbili kwa wakati mmoja itamponyoka moja. Robeson alizipa zamu, na juu ya zote aliweka kitabu. Nasi tunayo majira yetu. Kwetu Unyamwezi mvua hunyesha kuanzia Novemba hadi Aprili, na kiwanja cha kandanda huwa matope. Kiwanja cha saruji hukauka mara mvua inapokatika. Kwa nini basi tusicheze mpira wa kikapu kwa bidii wakati wa masika, na kandanda wakati wa kiangazi? Tukipanga hivyo hapatakuwa na haja ya kumwambia kijana achague. Siku za majaribio ya UMISSETA tu ndizo zipangwe zisigongane.

Nanyi wanafunzi wa zamani, mtakapokutana msiishie kwenye pilau na picha. Kiwanja hutaka saruji, pete za vikapu hutaka kuchomelewa, na mipira huchakaa. Mwenye chochote na alete.

Kwenu vijana nasema hivi. Robeson walimnyang'anya pasipoti, kazi, fedha, hata jina lake kitabuni. Hawakuweza kumnyang'anya lugha alizojifunza, sheria aliyoisoma wala ile roho ya kuinuka alipoangushwa, aliyoizoea uwanjani akiwa na pua iliyovunjika. Chezeni yote miwili, someni yote, na kila kimoja kipeni siku yake.