MWENYEHERI MARIA KLEMENTINA ANUARITE

Wengi wetu tunamjua kwa jina la Anuarite, nalo halikuwa lake. Alizaliwa tarehe 29 Desemba 1939 huko Wamba, kaskazini-mashariki mwa Kongo, akaitwa Nengapeta, yaani mali hudanganya. Anuarite, mwenye kucheka vita, lilikuwa jina la dada yake. Shuleni liliandikwa kwa makosa, likamganda.

Alitamani utawa tangu utotoni, lakini mama yake aliona bado ni mdogo mno. Siku moja lori lilifika misheni kuwachukua wasichana wa kwenda utawani Bafwabaka, naye akapanda kimya kimya. Mama alipouliza, binti alikuwa ameshaenda. Tarehe 5 Agosti 1959 aliweka nadhiri katika Shirika la Jamaa Takatifu, akapewa jina la Maria Klementina. Ni jina la asili ya Kilatini, maana yake mpole, mwenye huruma. Mbali huko Lithuania na Slovenia wako wasichana waitwao hivyo hivyo, Klementina. Sista wetu huyu alifundisha watoto, akapika, akatunza sakristia. Kazi za kawaida kabisa.

Tarehe 29 Novemba 1964 lori jingine lilikuja Bafwabaka, safari hii la waasi wa Simba. Masista wote walipakiwa wakaambiwa wanapelekwa Wamba, kumbe ni Isiro. Huko Kanali Ngalo alimtaka Klementina awe mke wake. Akakataa. Kanali Olombe naye akajaribu kumchukua kwa nguvu, akampiga vibaya. Akakataa tena, na katikati ya kipigo akamwambia kwamba anamsamehe. Sisi huimba Baba Yetu kila Jumapili, na ule mstari wa kusamehe huwa tunaupita haraka. Yeye aliutamka mbele ya mtu mwenye bunduki. Alichomwa visu, kisha Olombe akampiga risasi, usiku wa kuamkia 1 Desemba. Hakuwa ametimiza miaka 25.

Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mwenyeheri mjini Kinshasa tarehe 15 Agosti 1985, na katika Misa hiyo akamsamehe Olombe, ambaye alikuwa bado hai. Katika ziara hiyo hiyo Baba Mtakatifu alifika Nairobi kwa Kongamano la Ekaristi, akaadhimisha Misa Uhuru Park tarehe 18 Agosti. Sikukuu ya Anuarite ni tarehe 1 Desemba.